Neno la Kanisa la Saba

Asubuhi ya Ijumaa Kuu Redenta Psaila alivaa gauni jeusi alilolishona kwa msiba wa baba yake, akakuta limembana kifuani. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na saba alipolishona. Sasa alikuwa na ishirini na nne. Alifumua mishono ya ubavuni, akajaribu kupumua, akajitazama kiooni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa siku kama ile. Hakujitazama kwa ajili ya Mungu. Wistin Cachia alikuwa anakuja kuwachukua, yeye na mama yake, Bi Pawla, wazuru makanisa saba pamoja kama ilivyo desturi ya siku hiyo, na jambo hilo halikuwahi kutokea.

Kwa miaka mitatu Bi Pawla hakutaka hata jina la Wistin litajwe mezani. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro. Alikuwa mwashi, mtu wa patasi na nyundo, mmoja wa wale waliokuwa wakiyarudishia makanisa ya Valletta mabawa ya malaika na vichwa vya nguzo vilivyovunjwa na mabomu. Alikuwa mtu wa misa, mpole, asiyekunywa. Lakini mama yake alikuwa Stella, na Stella alikuwa amewauzia mabaharia vinywaji katika Mtaa Mwembamba kwa miaka mingi. Baba wa Wistin alikuwa mmoja wa mabaharia hao; alipanda meli yake, basi. Kila Bi Pawla alipoulizwa kwa nini anamkatalia binti yake kijana mzuri vile, alijibu maneno mawili tu: Mtaa Mwembamba. Aliyeuliza alitikisa kichwa, akanyamaza.

Kisha Wistin akapata nafasi ya kwenda Melbourne. Meli ingeondoka Jumanne baada ya Pasaka. Mnamo Januari, wakiwa wamejibanza chini ya roshani ya duka la nyuzi kuikimbia mvua, alimweleza Redenta mpango wake. Angetangulia, apate kazi na chumba, halafu wafunge ndoa kwa wakala: mjomba wa Redenta angesimama mbele ya padre mahali pa bwana harusi, na Redenta angepanda meli akiwa mke wa mtu. Wasichana wengi wa kisiwani walikuwa wamekwisha kuolewa hivyo. Redenta alikubali kabla mvua haijakatika.

Wiki hiyo ya Ijumaa Kuu Bi Pawla, akimenya maharage jikoni bila kuinua macho, akasema, "Mwambie yule kijana aje Ijumaa, atembee nasi. Aage kwa heshima kama watu."

Redenta alimbusu mama yake mikono yenye maganda. Alihisi mlango umefunguliwa. Hakujiuliza kama ulikuwa wa kuingilia au wa kutokea.

Wistin alikuja amevaa suti ya kuazima, nywele zimelowa maji, mikono imesuguliwa mpaka nyufa za vidole zimekuwa nyekundu. Bi Pawla alitoka amejifunika shela lake jeusi la kizamani, lile la ukingo mgumu unaotuna upande mmoja wa uso, ambalo wanawake wa rika lake tu ndio walikuwa bado wanalivaa. Wistin alimtolea mkono ili ajishikilie katika ngazi za Mtaa wa Mtakatifu Ursula.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Pawla. "Ngazi hizi nilizishuka nikiwa na mimba. Zinanijua."

Akashuka peke yake, goti moja likilalamika kila hatua. Lakini alikuwa amesema mwanangu, na Redenta alilikamata neno hilo kama mtu anavyokamata sarafu iliyodondoka.

Walianza kwa Mtakatifu Paulo, parokia yao. Kengele zilikuwa zimenyamaza tangu jana. Juu ya mnara mtu alizungusha badala yake kifaa cha mbao cha kupigia kelele, chenye sauti kavu kama ya mifupa. Ndani sanamu zote zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya zambarau, na altare ya pembeni iliwaka mishumaa juu ya majani meupe yaliyooteshwa gizani. Walipiga goti watatu katika mstari mmoja, Bi Pawla katikati. Redenta alisali Baba Yetu huku akiitazama mikono ya Wistin ng'ambo ya shela la mama yake. Ilikuwa imefumbatana kwa nguvu, vifundo vimekuwa vyeupe. Alidhani ni uchaji.

Kwa Mtakatifu Dominiko ilikuwa vivyo hivyo, ila watu walikuwa wengi zaidi na walikuwa wanageuka kuwatazama. Redenta alifurahi watazame. Walipotoka, Bi Pawla alisimama kuzungumza na jirani, wakapata nafasi ya kusimama wawili ubavuni mwa kanisa. Wistin aliweka kiganja juu ya jiwe moja la pembeni, jeupe kuliko wenzake.

"Hili langu," alisema. "Likipigwa na jua miaka kumi litafanana na mengine. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," alisema Redenta. "Kule Melbourne majumba yao ni ya mawe?"

"Wanasema mengi ni ya mbao."

"Utazoea."

Wistin alimtazama. Yalikuwa macho ya mtu anayejaribu kukariri kitu kirefu kabla hakijafutwa ubaoni. Redenta akamuuliza ana nini. Akasema hakulala vizuri.

Kwenda kwa Mama wa Karmeli ilibidi wakate Mtaa Mwembamba. Hakuna njia nyingine ya maana. Mabaa yalikuwa yamefungwa, majina yao ya Kiingereza hayana taa. Mwanamke mmoja mnene alikuwa anasugua kizingiti cha mlango wake kwa brashi. Alipomwona Wistin aliinuka, akafuta mikono kwenye aproni, akamtakia safari njema, akauliza kama huyu ndiye yule msichana. Kabla Wistin hajajibu, Bi Pawla alikuwa amekwisha kushika mkono wa binti yake na kuinua pindo la sketi yake ili avuke.

"Mama, si mtaro huo," alisema yule mwanamke bila hasira. "Ni barabara tu. Nimeiosha mwenyewe."

Bi Pawla hakugeuka. Wistin alibaki nyuma kidogo, akamshika yule mwanamke bega, akamwambia jambo kwa sauti ya chini, kisha akawafuata.

Kanisa la Karmeli lilikuwa bado halina kuba. Vita viliivunja, na sasa jukwaa la mbao za waashi lilikuwa limeuzunguka ukuta mpya unaopanda taratibu. Wistin alikuwa amefanya kazi pale mwaka mzima. Watu walijaa mpaka mlangoni. Lakini benchi la mwisho, upande wa kushoto, lilikuwa na mtu mmoja tu. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa kitambaa cha kichwa cha bluu iliyokolea, rozari mkononi. Wengine waliona heri wasimame kuliko kukaa naye.

Redenta alimtambua mara moja, ingawa alikuwa amemwona kwa mbali tu maisha yake yote. Wistin alikuwa na mdomo ule ule.

Stella naye alimwona. Alitabasamu, tabasamu dogo la kuomba radhi, kama mtu aliyekutwa katika chumba kisicho chake. Mkono wa Redenta ulianza kuinuka kusalimia. Ndipo vidole vya Bi Pawla vikamgusa kiwiko. Havikumbana, vilimgusa tu, na Redenta akashusha mkono, akashusha macho, akapita.

Alisali mbele ya altare bila kusikia neno hata moja la sala yake. Alipogeuka Wistin hakuwapo.

Alimkuta nje, chini ya jukwaa la mbao, mgongo ukutani. Bi Pawla alikuwa bado ndani amepiga goti.

"Umempita," alisema Wistin.

"Wistin, mama alikuwa amenishika."

"Nimeona alivyokushika. Mtoto wa paka angechomoka." Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Redenta zaidi. "Alivaa kile kitambaa kwa ajili yako. Tangu jana anaulizia kama bluu inafaa Ijumaa Kuu. Nikamwambia inafaa, nikamwambia Redenta hana makuu."

Redenta alitaka kusema atarudi ndani sasa hivi. Miguu haikutii. Akasema jambo jingine, la kujitetea: kwamba alikuwa amengoja miaka mitatu ili mama yake akubali kutembea nao, asingeweza kuiharibu siku moja.

"Mama yako hajakubali chochote," alisema Wistin.

"Una maana gani?"

Wistin alichukua kibanzi cha jiwe kwenye jukwaa, akakigeuzageuza.

"Jumapili ya Matawi aliniita baada ya misa. Hakunitukana. Ningependa angenitukana, ningejua la kumjibu. Aliniomba. Alinishika mikono akaniomba nikuache, nisikufunge kwa wakala. Nikampa neno langu. Tulipatana kwamba leo nitembee nanyi, na tukifika kanisa la saba nikwambie nakuacha huru."

Redenta alimtazama asielewe, kisha akaelewa.

"Na ulikuwa unangoja mpaka la saba."

"Nilitaka makanisa saba na wewe," alisema. "Sikuwahi kupata hata moja."

Siku nyingine maneno hayo yangemyeyusha. Siku ile yalimwasha moto. "Mmekaa wawili mkanigawa kama mkate," alisema, "na mimi sipo. Yeye akaomba, wewe ukatoa. Nani aliniuliza?"

"Hakuna," alisema Wistin. "Umesema kweli, nilikosea. Tangu siku ile nimekuwa nikijiambia nitalivunja neno lile, nitakwambia yote. Halafu leo nimekuona unampita mama yangu, nikasema labda Bi Pawla anakujua kuliko mimi. Labda ungefika kule, miaka ikapita, siku moja ungenitazama mezani ukauona Mtaa Mwembamba."

Akakiweka kile kibanzi cha jiwe pale alipokitoa, taratibu, kama kilikuwa na mahali pake.

"Nitamtembeza mama yangu yaliyobaki," alisema. "Naye ana mtoto mmoja."

Akaingia ndani. Redenta alisimama chini ya zile mbao mpaka mama yake alipotoka na kuuliza kijana yuko wapi. Akamjibu kwamba yuko na mama yake mwenyewe, Stella. Bi Pawla alimtazama usoni, akajua kwamba neno limekwisha kusemwa mapema kuliko walivyopatana, na hakuuliza tena.

Walikwenda kwa Mtakatifu Agostino wakiwa wawili. Kwa lugha ya kisiwani Agostino ndiye Wistin, na katika mlango kulikuwa na jina la mtakatifu kwa herufi kubwa. Redenta alipita chini yake kama mtu anayepita chini ya mvua. Hakulia. Alifanya ishara ya msalaba, akahesabu mishumaa, akatoka. Kupanda kutoka pale goti la Bi Pawla liligoma kabisa, hivyo walipofika juu karibu na lango la mji, alitafuta mahali pa kukaa, na palipokuwa karibu ni ngazi za jumba la opera.

Hakukuwa na jumba tena tangu mabomu ya vita. Kulikuwa na ngazi pana na nguzo zilizokatika, na nyuma yake uwazi uliojaa mawe na majani. Wazee waliokuwa wamewasikia waimbaji wa Italia pale walikuwa bado wanavua kofia wakipita. Bi Pawla alikaa ngazi ya tatu, shela likamvimbia begani kwa upepo. Redenta alisimama.

"Umezungumza na Wistin bila mimi," alisema.

"Nimezungumza."

"Kwa sababu ya Mtaa Mwembamba."

Bi Pawla alilifunga shela lake kwa mkono mmoja. Aliwatazama watu waliokuwa wanaingia na kutoka kanisani kwa Mtakatifu Fransisko, familia nzima nzima, wadogo mbele, wakubwa nyuma.

"Hayo ndiyo niliyowaambia watu," alisema hatimaye. "Ni rahisi kusema. Ukisema hayo wanaelewa, hawakuulizi la pili."

"Na la pili ni lipi?"

"Unalijua. Ulikuwepo."

Redenta alikaa. Ni kweli, alikuwepo. Alikuwa na miaka minane, amesimama na mama yake katika foleni ya mafuta ya taa, Aprili ile ya mabomu, mbaya kuliko zote. Ndugu zake, Liza na Mikiel, waliachwa nyumbani na bibi. Waliporudi mtaa haukuwa na upande mmoja. Katika miaka yote iliyofuata Bi Pawla hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa sauti. Kila Jumamosi alichukua ndoo na brashi akaenda makaburini, akarudi na mikono imepauka.

"Nilikuwa mama wa watatu," alisema Bi Pawla, "nikawa mama wa mmoja. Meli ile ikikuchukua nitakuwa mama wa nani? Wale wawili najua walipolala. Nakwenda, naosha jiwe, nazungumza nao. Wewe nitaosha jiwe gani?"

"Mama, Australia si kaburi."

"Kwangu mimi ni kaburi linalotuma kadi za Krismasi. Dada yake Bi Tona alikwenda, hakurudi. Watoto wa Bi Marija walikwenda wanne, hakurudi hata mmoja. Wanatuma picha. Wamenenepa. Wana magari." Akajifuta pua na ncha ya shela. "Huyo Stella sina ugomvi naye. Wakati wa vita aliwagawia watoto wa mtaani chokoleti za mabaharia. Liza alikula. Nilijua, nikajifanya sijui."

Redenta alijisogeza karibu naye. Alimshika mama yake mkono.

"Ungeniambia hivi tangu mwanzo, mama, tungelia wote, na labda ningebaki. Sijui. Lakini uliniambia Mtaa Mwembamba. Ulinifundisha kumwonea haya mama wa mtu, na leo nimemwonea haya, mbele ya altare, siku kama hii. Hilo wewe huwezi kunibebea. Lazima nikalitue mwenyewe."

"Utakwenda naye, basi."

"Kwanza nitakwenda kwa Stella. Ya Wistin sijui. Huenda hanitaki tena."

Bi Pawla alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Hanitaki," alirudia. "Siku ile nilipomwomba, alilia mbele yangu kama mtoto. Mwanaume mzima. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula."

Redenta alisimama. Alimwinua mama yake, akamshika kiwiko, na safari hii Bi Pawla aliukubali mkono. Waliingia kwa Mtakatifu Fransisko, wakatoka. Wakateremka barabara kuu hadi kwa Mtakatifu Yohane, wasizungumze, lakini hawakuwa mbali.

Ndani ya Mtakatifu Yohane mtu hutembea juu ya wafu. Sakafu yote ni mawe ya makaburi ya rangi, yenye nembo na mafuvu, na watoto huambiwa wasiruke. Redenta alikuwa akitembea polepole kumsaidia mama yake alipokiona kile kitambaa cha bluu. Stella alikuwa amepiga goti sakafuni karibu na nguzo ya nyuma. Wistin alisimama kando yake. Na kama kule Karmeli, watu walikuwa wameacha nafasi kumzunguka.

"Mama, shika nguzo kidogo," alisema Redenta.

Aliuvuka ule uwazi. Aliona watu wanamtazama, akamwona mke wa mwenye duka la nyuzi aliyemuuzia nyuzi za dhahabu tangu ajifunze kutarizi, akaona mdomo wake unafunguka. Akapiga goti kando ya Stella, bega kwa bega.

"Bi Stella," alisema. "Mimi Redenta. Kule Karmeli nilikupita. Naomba unisamehe."

Stella hakugeuka mara moja. "Nilidhani hukuniona," alisema.

"Nilikuona."

Stella alizungusha punje moja ya rozari. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyeosha glasi maisha yake yote.

"Basi ahsante kwa kusema hivyo," alisema. "Wengi wananipita. Hakuna aliyewahi kurudi." Kisha baada ya muda, "Usidhani nafurahi anaondoka. Ni mimi niliyemwambia aende. Hapa ataitwa mwana wa Stella mpaka siku ya kuzikwa. Kule ataitwa Wistin."

Walisali pamoja fumbo moja zima la rozari. Redenta alipoinuka magoti yalikuwa yamepoa kwa marumaru. Wistin alikuwa anamtazama, na uso wake ulikuwa umevurugika hata hakujaribu kuuficha. Redenta alimwashiria tu, kwa kichwa, atangulie.

Kanisa la saba lilikuwa la Yesu, mteremko mfupi kutoka pale. Sanamu za mateso zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa ajili ya maandamano ya alasiri: Yesu bustanini, Yesu amefungwa nguzoni, Yesu ameanguka chini ya msalaba, na mwisho Mama wa Mateso amevaa nyeusi, upanga wa fedha kifuani. Mafundi walikuwa wanafunga maua. Redenta alimsimamisha Wistin mlangoni pembeni, palipokuwa na harufu ya nta na ya watu wengi.

"Ulimpa mama yangu neno," alisema. "Mwanaume akitoa neno analitimiza. Hapa ni la saba. Niambie."

"Redenta."

"Niambie, Wistin."

Macho ya Wistin yalijaa. "Nakuacha huru," alisema. "Sikudai kitu. Hujanifunga, sijakufunga."

"Haya. Nimesikia, na Mungu amesikia." Alimkazia macho. "Sasa mimi ni mtu huru, na hakuna aliyenigawa. Sasa niulize unachotaka kuniuliza, uniulize mimi mwenyewe."

Wistin alishika ukingo wa mlango. Mtu aliyekuwa anabeba vifungu vya maua aliomba njia, wakampisha, wakabaki wamekaribiana zaidi kuliko walivyowahi kusimama mbele za watu.

"Utaolewa nami kwa wakala?" alisema kwa sauti ya chini. "Na utanifuata, kule ambako sina hata kiti cha kukukalisha?"

"Nitaolewa," alisema Redenta. "Nitakufuata. Lakini sitakwenda kama mtu aliyetoroka. Nitakaa na mama mpaka aizoee habari hii, iwe mwaka, iwe zaidi, na utanisubiri bila kulalamika. Na kule mezani kwetu mama yako atatajwa kila siku ya Mungu."

Wistin aliinamisha kichwa mpaka paji la uso wake likagusa mkono wa Redenta uliokuwa ukutani, akabaki hivyo.

Bi Pawla alikuwa hatua chache nyuma yao. Alikuwa amesikia. Redenta alimwona, akataka kumwendea, lakini Bi Pawla alimpita, akampita na Wistin, akaingia ndani akichechemea. Stella alikuwa amekaa benchi la mwisho, kama kawaida yake, mbele ya Mama wa Mateso. Bi Pawla alisimama pembeni ya benchi.

"Bi Stella."

Stella alianza kuinuka, kama aliyezoea kuambiwa aondoke.

"Sogea," alisema Bi Pawla. "Goti langu limechoka."

Stella akasogea. Bi Pawla akakaa. Shela lake kubwa likamwangukia Stella begani, na hakuna aliyeliondoa.

*

Jumanne meli iliondoka na watu wengi sana, na gatini kulikuwa na vilio vya kila aina. Redenta hakulia mpaka kamba zilipofunguliwa. Alimwona Wistin ukingoni mwa sitaha, suti yake mwenyewe safari hii, mkono umeinuliwa bila kupungwa, mpaka asimtambue tena kati ya wengine. Padre wa Mtakatifu Paulo alikuwa amekwisha kuandika tarehe ya ndoa, Juni, na mjomba alikuwa ameanza kulalamika kwamba itabidi anunue viatu.

Ni Stella aliyeshindwa kusimama. Miguu ilimwishia meli ilipogeuza pua kwenye mdomo wa bandari, na aliyemdaka alikuwa Bi Pawla, aliyekuwa amesimama nyuma yake tangu asubuhi. Alimkalisha juu ya kigingi cha chuma cha kufungia kamba za meli. Alimfungua kitambaa shingoni ili apate hewa. Wanawake wa mtaa wa Bi Pawla walikuwapo pale wanatazama, naye akawatazama mpaka wakageuza nyuso.

"Mimi sijui kusoma," alimwambia Stella, ghafla. "Wewe unajua?"

"Najua," alisema Stella kwa shida. "Kiingereza pia."

"Barua zitakapoanza kuja. Zake sasa, na za huyu atakapokwenda." Bi Pawla hakumtazama binti yake aliposema hivyo. "Utakuja nyumbani unisomee. Nitapika kahawa."

"Nitakuja."

"Usome polepole," alisema Bi Pawla, macho yake kwenye moshi uliobaki. "Nataka nisikie kila neno."